Rozimari ya maua meupe kwenye bustani ya jua na ukame

Rozimari, ule mmea wa kiungo wenye majani ya harufu, ya kwanza yangu niliiua kwa maji. Nilikuwa nimezoea mapapai na mchicha, basi nikaichimbia shimo la mpapai, nikajaza samadi ya ng'ombe hadi nusu, nikazungushia beseni la kushika maji, nikawa naimwagilia asubuhi na jioni kama ninayelea mtoto njiti. Wiki ya tatu majani ya chini yakageuka manjano na ncha zikainama. Nikadhani ina kiu, nikaongeza ndoo. Nilipoing'oa mwishowe, mizizi ilikuwa ya kahawia, inateleza vidoleni na kunuka kama maji ya mtaro.

Naishi Dodoma, upande wa Ihumwa. Mvua hapa ni milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni jua, upepo na vumbi jekundu mpaka mwisho wa mwaka. Wengi wakiona hali hiyo hudhani bustani ya maua ni anasa ya watu wa Lushoto na Arusha. Kwa rozimari ni kinyume: inapenda hasa hicho tunachokilalamikia. Kazi yako ni kuhakikisha maji hayakai kwenye mizizi yake, na kuuzuia mkono wako usiihurumie kupita kiasi. Ukiwa Kajiado, Nanyuki, Singida au Iringa, mengi ya hapa yatakufaa bila kubadilisha kitu isipokuwa miezi.

Uujue mmea kwanza

Asili yake ni nchi za kando ya Bahari ya Mediterania: Hispania, Ureno, Moroko, Italia, Ugiriki. Huko huota kwenye miteremko ya mawe ya chokaa, kwenye udongo mwembamba, na kiangazi chote unaweza usipate tone. Jina lake la Kilatini hufasiriwa kuwa umande wa bahari, na Waarabu huuita iklil al-jabal, yaani taji la mlima. Ni ndugu wa mnanaa, mrehani na kivumbasi. Vitabu vya zamani vinauita Rosmarinus officinalis, lakini mwaka 2017 wataalamu waliuhamishia kwenye jenasi (kundi la mimea ya karibu) ya Salvia, kwa hiyo kibao kikiandikwa Salvia rosmarinus usidhani umeuziwa kitu kingine.

Chuma jani moja uliangalie. Ni jembamba kama sindano, kingo zimejikunja kuelekea chini, na upande wa chini ni mweupe kwa vinyweleo. Matundu ya kupumulia yamejificha humo, mbali na upepo na jua, ndiyo maana mmea haupotezi maji ovyo. Mmea wenye jani la namna hiyo hauhitaji kumwagiliwa kila siku, na mimi ningelitazama jani kabla sijashika ndoo ningeokoa mche.

Rozimari nyingi huchanua buluu mpauko. Nyeupe hutokea pia, na ndiyo inayouzwa kwa jina la 'Albiflorus'. Wakristo wa Ulaya wana hadithi kwamba maua haya yote yalikuwa meupe, mpaka siku Bikira Mariamu alipotandaza joho lake la buluu juu ya kichaka cha rozimari alipokuwa akipumzika, maua yakachukua rangi ya joho. Kwa hadithi hiyo sisi wapenda nyeupe tumebaki na ya kale. Mimi sababu yangu ni ya kawaida zaidi: saa sita mchana jua letu huila ile buluu mpauko mpaka usiione, lakini ua jeupe linaonekana toka getini, na jioni giza likianza kuingia ndilo la mwisho kupotea machoni.

Neno moja kwa wasomaji wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa. Kwenye joto la unyevunyevu rozimari hukupa majani ya kiungo, lakini maua yanaweza kuwa machache mno, na ukungu huiandama. Ipande kwenye chungu mahali penye upepo. Maua huyapenda zaidi maeneo ambayo usiku hupoa. Hapa Dodoma usiku wa Julai hushuka hadi karibu nyuzi 13 au 14, na hiyo inatosha.

Pata mche ambao ni mweupe kweli

Hapa ndipo watu wengi huibiwa bila hata mwuzaji kukusudia. Miche isiyo na maua inafanana. Niliwahi kununua minne kwa neno la mwenye kitalu kwamba yote ni nyeupe. Ilipochanua, mitatu ilikuwa buluu. Ushauri wangu ni mmoja tu: nunua mche ulio na ua, au chukua kipandikizi, yaani kipande cha tawi cha kuotesha, kwenye kichaka ulichokiona kikichanua. Nenda asubuhi, angalia ua lililofunguka siku hiyohiyo, kwa sababu buluu iliyochomwa na jua siku mbili tatu inaweza kukudanganya kuwa nyeupe. Ukikuta kichaka cheupe kwa jirani na si wakati wa kukata, funga uzi kwenye tawi ili ukirudi usikosee.

Mbegu ziache. Nyingi hazioti, zinazoota hukua polepole mno, na juu ya hayo nyuki hawabagui rangi. Mbegu ya kichaka cheupe kilicho jirani na cha buluu haina ahadi yoyote ya weupe. Kipandikizi ni kipande cha mama yuleyule, kwa hiyo rangi haibadiliki.

Kuotesha vipandikizi

Mimi hukata mwisho wa Agosti au Septemba, baridi ya usiku inapoanza kulegea. Ukikata Juni vitaota, ila utasubiri. Ukikata katikati ya mvua, vingi huoza.

Tafuta ncha zisizo na maua, zenye kijiti kilichoanza kukauka kidogo kwa chini lakini bado kinapinda bila kuvunjika. Kata urefu wa sentimita 10 hivi, chini kidogo ya kifundo (mahali majani yanapotokea), kwa kisu au wembe mkali. Mkasi butu huponda kijiti na mahali palipopondwa ndipo uozo huanzia. Nyonyoa majani ya nusu ya chini. Usiyavute kuelekea chini, yatachuna ganda. Yavute kuelekea juu au yakate.

Mchanganyiko wa kuoteshea ni mchanga wa mtoni ulio mkubwamkubwa, sehemu mbili, na udongo wa kawaida sehemu moja. Samadi hapana. Mchanga uoshe kwanza, maana wa makorongo yetu una udongo mwingi wa mfinyanzi na ukikauka unakuwa tofali. Jaza kwenye kopo lililotobolewa au kiriba (mfuko wa plastiki wa miche), toboa tundu kwa kijiti, chomeka kipandikizi hadi kwenye majani, kandamiza kwa vidole. Vinne au vitano katika kopo moja si vibaya.

Lowanisha mara moja, halafu funika kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, kifuniko kikiwa kimeondolewa. Hewa lazima itoke juu. Weka chini ya kivuli chepesi, kama pembeni mwa mwembe, si ndani ya nyumba. Ndani ya chupa unyevu hudumu, kwa hiyo utamwagilia labda mara moja kwa wiki. Ukiona matone yanatiririka ndani kutwa nzima, inua chupa mchana.

Mizizi huja kati ya wiki nne na nane. Usivute kila siku kujaribu. Mimi nimeua vingi kwa udadisi huo. Ncha ikianza kutoa majani mapya yenye rangi changa, vuta kidogo sana: ikishikilia, imeota. Toa chupa, iache izoee upepo kwa wiki moja, kisha hamishia kila mche kwenye kiriba chake na uusogeze kwenye jua kidogokidogo. Utakaa humo mpaka Machi.

Kata vingi kuliko unavyohitaji. Katika kumi mimi hupata sita au saba, na mwaka mmoja nilipata viwili tu kwa sababu nilikuwa safarini na mtu wa nyumbani akavimwagilia kwa bidii.

Mahali na udongo

Jua saa sita kwa siku ndicho kiwango cha chini, na kumi ni bora zaidi. Usipande chini ya mwarobaini, wala karibu na bomba linalovuja au mahali maji ya bafu yanapotokea.

Kabla hujapanda, jaribu udongo. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, jaza maji, yaache yazame yote. Jaza mara ya pili, chomeka kijiti chenye alama, uhesabu saa moja. Maji yakishuka sentimita tatu au zaidi, uko salama. Yakishuka chini ya hapo, mizizi itakaa kwenye bwawa siku za mvua. Dodoma una udongo wa aina mbili hivi karibu kila mtaa: mwekundu wa kichangachanga, ambao ni mzuri, na mweusi wa mbugani, ambao ukilowa hunata na ukikauka hupasuka. Kwenye ule mweusi usithubutu kupanda ardhini moja kwa moja. Hata mwekundu una hila yake: ukichimba mara nyingi unakutana na tabaka gumu kama saruji, na maji hukaa juu yake. Livunje kwa sululu, usiishie na jembe.

Udongo wenye chokaa hauna shida kwa mmea huu, kwa hiyo majivu ya jikoni, ambayo watu hupenda kuyamwaga kwenye kila kitu, hapa hayahitajiki. Ukiwa nyanda za juu zenye udongo wenye tindikali, kama Njombe, konzi moja ya majivu kwa kila shimo haitadhuru.

Tuta, si beseni

Huu ndio moyo wa kazi. Tumezoea kuchimba chini ili maji yakusanyike. Kwa rozimari tunainua.

Tengeneza tuta la urefu wa sentimita 25 hadi 30 na upana wa karibu mita moja kwa kila mche. Changanya udongo wa hapo na mchanga mkubwa au changarawe, nusu kwa nusu ukiwa na udongo mzito, robo tu ukiwa na udongo wa kichanga. Samadi ya mbuzi iliyokaa mwaka mzima mpaka imekuwa kama vumbi, konzi mbili zinatosha, uzichanganye hasa. Mbichi usiweke kabisa.

Panda Machi. Mvua bado ipo lakini inaelekea kuisha, udongo umelowa hadi chini, na mbele yako kuna miezi ya ubaridi ambapo mche utashusha mizizi bila kuchomwa. Waliopanda Desemba wamenicheka kuwa nimechelewa, halafu Januari mvua kubwa ikaikuta miche yao ardhini.

Toa kiriba kwa kukichana, usivute shina. Mizizi ikiwa imezunguka chini kama kamba, ikatekate kwa kisu pande tatu. Weka mche juu ya tuta, sehemu udongo ulipoishia kwenye kiriba iwe sentimita moja au mbili juu ya udongo mpya, si chini yake. Shina likifukiwa huoza. Nafasi kati ya mche na mche iwe mita moja, kwa kuwa kichaka kikikomaa hufika urefu wa mita moja hadi moja na nusu na upana uleule. Ukitaka ua wa kuzungushia njia, sentimita 50 au 60.

Sasa funika tuta kwa kokoto au changarawe, unene wa sentimita nne. Usitandaze nyasi kavu wala maganda ya alizeti. Huku kwetu nyasi kavu juu ya udongo ni karamu ya mchwa, na wakimaliza nyasi wanapanda shina. Kokoto hazishiki unyevu shingoni mwa mmea, huurudishia mmea mwanga kwa chini, na zina faida nyingine niliyoigundua baadaye: zinawazuia kuku. Tuta jipya lenye udongo laini kuku huliona ni bafu la vumbi, na kwa asubuhi moja wanaweza kuuanika mzizi wote. Mbuzi wa jirani wao waliwahi kuonja mche mmoja, wakatema, hawakurudi.

Maji: lini, kiasi gani

Wiki mbili za kwanza, kama mvua hainyeshi, lita mbili mara mbili kwa wiki. Kuanzia hapo mpaka mwezi wa tatu tangu kupanda, lita tatu hadi nne mara moja kwa wiki. Mwaga taratibu pembezoni mwa tuta, usimwagie majani.

Baada ya hapo, acha kuhesabu siku, pima kwa kidole. Sogeza kokoto, ingiza kidole chote. Kukiwa na ubaridi wowote huko chini, ondoka. Kukiwa kukavu kabisa, mpe ndoo nusu kwa mara moja ili maji yafike chini, kisha usahau wiki mbili au tatu. Katika Oktoba na Novemba, jua linapokuwa kali kuliko wakati wote, mimi humwagilia kila baada ya siku kumi. Kichaka cha mwaka wa tatu na kuendelea, kilichokaa vizuri, nakipa maji mara nne au tano kwa kiangazi chote.

Tatizo ni kwamba kiu na mafuriko hufanana kwa mbali, na ndipo mimi nilipoangukia. Jifunze tofauti. Mmea wenye kiu, majani yake hupauka kuwa ya kijivu, hukakamaa, na ncha laini huinama mchana. Udongo ni mkavu. Mmea unaozama, manjano huanza na majani ya chini na ya ndani, ncha huwa nyeusi au kahawia, tawi moja zima laweza kufa huku jingine likiwa zima, na udongo ni mbichi. Wa kwanza utaamka jioni ukiupa maji. Wa pili mara nyingi umekwisha kufa mizizini siku unapogundua. Kata vipandikizi kwenye matawi yaliyobaki mazima siku hiyohiyo, ndiyo njia pekee ya kuokoa rangi yako.

Maji yetu ya visima yana chumvichumvi. Rozimari huvumilia kuliko mboga nyingi, ardhini sijaona madhara. Kwenye chungu ni jambo jingine: chumvi hujikusanya, utaona ukoko mweupe juu ya udongo. Siku ya mvua kubwa kiache chungu nje kioshwe. Chungu kiwe cha udongo, chenye tundu, na kisiwe cheusi, maana ndoo nyeusi juani hupika mizizi.

Mbolea: baada ya ile ya kupandia, karibu usitoe. Mbolea ya nitrojeni huipa urefu, ulaini na harufu hafifu, na maua unayoyatafuta hupungua.

Maua na mkasi

Maua hutoka kwenye matawi yaliyokua msimu uliopita. Ukipogoa Mei kwa kupenda unadhifu, umeyakata. Kwangu huanza Juni na huendelea mpaka Agosti, machache hurudi tena baadaye. Pogoa mara yanapoisha, ambapo pia ndipo wakati wa vipandikizi, kwa hiyo kazi mbili zinakuwa moja.

Kata theluthi moja ya urefu wa kila tawi, usizidishe. Na sheria isiyovunjwa: usikate chini ya majani. Tawi kuukuu lisilo na jani hata moja halichipui tena. Kichaka kilichoachwa miaka mitano bila mkasi huwa na miguu mirefu mikavu na kofia ya majani juu, na hakuna upogoaji utakaokirudisha. Kianzishe upya kwa vipandikizi. Kwa hiyo anza mapema, mwaka wa kwanza tu, kwa kuchuma ncha ili kitawanyike.

Mwache nyuki afanye kazi yake. Asali ya rozimari ni ya rangi nyepesi na imevumisha mji wa Narbonne kule Ufaransa. Vichaka vyangu vitano havitatoa asali, lakini mizinga ya jirani iko mita mia tatu, na asubuhi za Julai, wakati pori zima limekauka, kelele za nyuki kwenye hayo maua meupe nazisikia nikiwa barazani.

Magonjwa na wadudu

Si wengi, harufu inawafukuza. Unga mweupe juu ya majani ni ubwiri unga, huja pale vichaka vinapobanana. Punguza matawi ya ndani hewa ipite. Utando mwembamba na majani yenye vidoa vya shaba ni utitiri mwekundu, hupenda vumbi la Septemba. Huu ndio wakati pekee ninaomwagia majani: maji ya nguvu kidogo, asubuhi, chini ya majani, siku tatu mfululizo. Vidung'ata vyenye pamba nyeupe vifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Mchwa wakianza kupanda shina, vunja njia yao ya udongo kila unapoiona na uondoe mti mkavu wowote ulio karibu.

Kuchuma

Asubuhi umande ukikauka, kabla jua halijawa kali. Chuma ncha, kamwe zaidi ya theluthi ya kichaka kwa mara moja. Kausha kivulini kwa kuning'iniza. Tawi bichi moja kwenye viazi vya kuoka linatosha, mawili kwa mguu wa mbuzi. Watu huzidisha kisha wakasema chakula kina ladha ya sabuni. Maua nayo huliwa, ni matamu kidogo. Mjamzito atumie kiasi cha kiungo tu, si kuchemsha mkungu na kunywa kama dawa.

Kichaka kilichotunzwa hivi huishi miaka kumi au zaidi. Kikianza kuchoka, usingoje kife: chukua vipandikizi mapema. Na ikitokea kimoja kimekufa kwa kuoza mizizi, usipande kingine kwenye tuta lilelile hata ukibadilisha udongo wa juu. Uozo hubaki ardhini. Hamia hatua tatu au nne pembeni, na lile tuta la zamani lipe mlonge au alizeti.